Dar es Salaam: Kitanda cha Mlimani na gharama ya kukikosa

Kila mwaka, kati ya mwezi Oktoba na Novemba, maelfu ya vijana kutoka mikoa yote ya Tanzania huwasili Dar es Salaam wakiwa na begi, godoro lililokunjwa na kufungwa kwa kamba, na barua ya kukubaliwa chuo kikuu.

Zamani waliteremka Ubungo, mwendo mfupi kutoka Mlimani. Tangu mwanzoni mwa 2021 mabasi ya mikoani huishia Mbezi Luis, na safari ya kuelekea chuoni huendelea kwa daladala, godoro likiwa juu ya mapaja.

Barua aliyonayo kijana huyo inamhakikishia nafasi darasani. Haimhakikishii kitanda.

Uhaba wa malazi ya wanafunzi katika jiji hilo ni tatizo la miaka mingi, na kila serikali imelikuta na kuliacha. Kwa kawaida hutajwa kama tatizo la hesabu: wanafunzi wengi, vitanda vichache. Hesabu hiyo ni ya kweli, lakini haielezi kwa nini mwanafunzi mwenye mkopo wa serikali mkononi bado hulala chini katika chumba cha mwenzake. Ili kulielewa hilo ni lazima kutazama pia kalenda: fedha humfikia lini, na mwenye nyumba huzitaka lini.

Chuo kilichozaliwa na vitanda vyake

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza tarehe 25 Oktoba 1961, wiki chache kabla ya uhuru wa Tanganyika, katika jengo la chama cha TANU mtaa wa Lumumba. Kilikuwa na kitivo kimoja tu cha sheria, na wanafunzi wake hawakufika 15. Mwaka 1963 kiliungana na Makerere na Nairobi kuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, na mwaka 1964 kikahamia kwenye kilima kilichokipa jina la Mlimani. Mwaka 1970 kikawa chuo kikuu kamili cha taifa.

Waliochora ramani ya Mlimani hawakutenganisha darasa na bweni. Chuo kilikuwa nje ya mji wa wakati huo, kimezungukwa na mashamba na vichaka, na hakuna aliyetarajia mwanafunzi atoke Kariakoo kila asubuhi. Kwa hiyo maghorofa ya mabweni yalijengwa sambamba na kumbi za mihadhara. Aliyepata nafasi ya masomo alipata pia kitanda, chakula na mtu wa kufua mashuka, vyote kwa gharama ya serikali.

Mpango huo ulikuwa wa ghali, na uliwanufaisha wachache mno. Mwalimu Julius Nyerere mwenyewe aliuonea mashaka. Mwezi Oktoba 1966, wanafunzi walipoandamana kupinga masharti ya kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa, aliwafukuza mamia yao na kuwarudisha makwao, kwa hasira iliyotokana kwa sehemu na kuona vijana waliolishwa na kulazwa na wakulima wakidai zaidi.

Lakini maisha ya bweni yalikuwa na faida ambayo haionekani katika vitabu vya hesabu. Mihadhara ya Mlimani ya miaka ya 1960 na 1970, enzi za akina Walter Rodney, haikumalizikia darasani. Iliendelea usiku katika vyumba na kumbi za kulia chakula. Yoweri Museveni wa Uganda na John Garang wa Sudan Kusini walipita hapo. Mabishano ya namna hiyo huhitaji watu wasiokimbilia daladala ya mwisho.

Milango yafunguka, mabweni yabaki

Mabadiliko yalikuja kwa awamu. Uchumi ulipodorora katika miaka ya 1980, serikali ilishindwa kubeba gharama zote, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 sera ya kuchangia gharama za elimu ya juu ikaanza kutekelezwa hatua kwa hatua. Malazi na chakula vikaacha kuwa haki iliyoambatana na nafasi ya masomo, vikawa huduma ya kulipiwa.

Wakati huohuo chuo kikaanza kuongeza udahili, wakiwemo wanafunzi wa kujilipia wenyewe. Shinikizo kubwa zaidi lilitoka chini. Ada ya shule za msingi ilifutwa mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kuanzia 2004 shule za sekondari za kata zikajengwa nchi nzima. Na mwaka 2016 ada ya sekondari za serikali hadi kidato cha nne ikaondolewa. Kila wimbi lilichukua miaka kadhaa kufika vyuoni, na kila lilipofika lilikuta mabweni yaleyale.

Mlimani haiko peke yake. Ukuta kwa ukuta nayo kipo Chuo Kikuu Ardhi. Mabibo kuna Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, Ubungo kuna Chuo cha Maji, na katikati ya jiji vimo vyuo vya fedha, biashara, ufundi na utabibu. Wanafunzi wa vyuo hivi vyote hutafuta vyumba katika jiji ambalo sensa ya 2022 ililihesabu kuwa na watu 5,383,728, takriban milioni moja zaidi ya miaka 10 iliyotangulia. Anayeshindania chumba na mwanafunzi ni fundi, karani, mama lishe na polisi.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilijaribu kuziba pengo kwa hosteli za nje ya kilima, na ile ya Mabibo ndiyo iliyojulikana zaidi. Kwa kizazi kizima cha wahitimu, jina Mabibo huleta kumbukumbu ya basi lililojaa alfajiri na foleni ya maji jioni.

Kubebana

Pale vitanda visipotosha, wanafunzi walibuni utaratibu wao, na Kiswahili kikaupa jina: kubebana.

Mwanafunzi aliyepangiwa kitanda "humbeba" mwenzake aliyekosa. Wawili hulala kwenye godoro moja la futi tatu, mmoja kichwa huku na mwingine kule, au mbebwa hutandika lake sakafuni usiku na kulisukuma chini ya kitanda asubuhi. Chumba kilichokusudiwa watu wawili, kisha kikaongezewa vitanda vya deka na kuwa cha wanne, huishia kuwa na watu sita au wanane.

Kanuni za mabweni zinakataza jambo hilo, na kila baada ya muda hufanyika ukaguzi wa usiku. Mbebwa hujifunza kuondoka kabla ya mlinzi hajapanda ngazi. Hujifunza pia kutokuwa na vitu vingi.

Kubebana kuna adabu zake. Mbebwa ndiye anayechota maji na kufagia, na mara nyingi ndiye anayenunua mkate. Hana sauti chumbani. Mwenye kitanda akitaka kulala, taa huzimwa, hata kama mbebwa ana mtihani kesho. Aghalabu wanaobebana wametoka shule moja au wilaya moja, kwa hiyo wasio na mtu waliyemtangulia chuoni, yaani wale waliotoka shule za kata za mbali ambazo hazijawahi kumpeleka mtu Mlimani, ndio wanaokosa hata pa kubebwa.

Watu wazima hupenda kusimulia kubebana kama kichekesho cha ujana. Aliyekuwa mbebwa kwa miaka mitatu huwa hacheki sana. Vyoo vilivyojengwa kwa watu 100 vikitumiwa na 200 huziba. Homa ya matumbo na magonjwa ya ngozi hayaulizi nani yumo kwenye orodha na nani hayumo. Likitokea janga la moto, hakuna ajuaye ni watu wangapi walikuwa ndani.

Hesabu ya bumu

Aliyekosa kitanda na asiyetaka kubebwa huingia mtaani. Maeneo yanayojulikana ni Changanyikeni, Makongo, Msewe, Savei, Ubungo, Sinza, Mabibo na, kadiri bei inavyopanda, Kimara na Goba.

Hapo ndipo kalenda mbili zinapogongana.

Kalenda ya kwanza ni ya mkopo. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004 na kuanza kazi 2005, hutoa fedha za chakula na malazi ambazo wanafunzi huziita "bumu". Kiwango kimeongezwa mara kadhaa: mwaka 2011 kilipanda hadi shilingi 7,500 kwa siku, baadaye 8,500, na katika mwaka wa fedha 2023/24 kikawa 10,000. Fedha hizo hutolewa kwa awamu ya siku 60, yaani shilingi 600,000 kila awamu, na kwa mwaka mzima huhesabiwa siku 240 za masomo. Hutolewa baada ya mwanafunzi kusajiliwa chuoni na kusaini.

Kalenda ya pili ni ya mwenye nyumba. Huyu hutaka kodi ya miezi 6 kabla ya kukabidhi ufunguo, na wengine hutaka ya mwaka mzima. Mwaka wake una miezi 12, hauna likizo. Na kati ya mwanafunzi na mwenye nyumba husimama dalali, ambaye ujira wake kwa desturi ni kodi ya mwezi mmoja, mbali na kiasi kidogo cha kumtembeza mteja akaone vyumba.

Chukulia mfano wa chumba kimoja cha shilingi 80,000 kwa mwezi, choo cha nje, umeme wa Luku wa kuchangia. Kodi ya miezi 6 ni shilingi 480,000. Ongeza 80,000 za dalali, jumla 560,000. Mwanafunzi akilipa kutoka katika bumu lake la kwanza, hubakiwa na shilingi 40,000 za kula kwa siku 60, ambazo ni chini ya 700 kwa siku. Hazitoshi kwa chai na chapati mbili, achilia mbali nauli.

Kwa kweli hata mfano huo una upole, kwa kuwa bumu la kwanza halimsubiri mwanafunzi stendi. Huja baada ya usajili, na pengine wiki kadhaa baadaye, ilhali dalali hutaka fedha siku hiyohiyo. Hivyo shilingi 560,000 za mwanzo hutoka nyumbani. Familia huuza mahindi yaliyowekwa akiba, au ng'ombe, au hukopa kwenye kikundi cha kuweka na kukopa. Isiyo na cha kuuza humwandikia ndugu aliye mbali.

Suluhisho la kawaida ni kushirikiana. Wakiwa watatu katika chumba hichohicho, kila mmoja hutoa takriban shilingi 187,000, na hubakiwa na kiasi kinachokaribia 7,000 kwa siku. Hayo ni maisha yanayowezekana. Ndiyo maana "geto" la wanafunzi wa Changanyikeni karibu kila mara lina magodoro zaidi ya moja, na ndiyo maana wenye nyumba, wakishalijua hilo, hupanga bei kwa kuhesabu vichwa. Nyongeza ya bumu nayo haikawii kuonekana katika kodi. Habari za bungeni husikika mitaani siku hiyohiyo.

Likizo ndefu huleta hasara nyingine. Kati ya Julai na Oktoba mwanafunzi hana bumu, lakini chumba kina kodi. Akiendelea kulipa, analipia kuta tupu. Akikiacha, huanza upya na dalali mwezi Oktoba. Wengi hukiacha, na hulipeleka godoro kwa rafiki mwenye kwao Dar.

Sheria haimsaidii sana. Sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ya mwaka 1984 ilifutwa 2005, na tangu hapo bei na muda wa malipo ni makubaliano ya pande mbili. Viongozi wa serikali wamekemea mara nyingi desturi ya kudai kodi ya miezi mingi kwa mkupuo, na desturi imebaki palepale. Mwenye nyumba naye ana sababu zake: nyumba yake aliijenga kwa miaka 10, tofali kwa tofali, bila mkopo wa benki, na kodi ya mkupuo ndiyo humwezesha kuezeka chumba kinachofuata. Anayemwona kuwa adui mkuu wa mwanafunzi hajatazama mbali vya kutosha. Nyumba hizo za mtaani, zilizojengwa bila msaada wa mtu, ndizo zilizowahifadhi wanafunzi wengi kuliko mpango wowote wa serikali.

Saa mbili usiku

Kuna gharama zisizolipwa kwa shilingi. Maktaba ya chuo hukaa wazi hadi usiku, na vikundi vya kujisomea hukutana jioni. Anayeishi bwenini hufunga daftari na kutembea dakika tano. Anayeishi mtaani huanza kutazama saa jua linapozama.

Kwa msichana jambo hilo ni zito zaidi. Njia kati ya chuo na Changanyikeni au Msewe ina vipande visivyo na taa, na bodaboda ya usiku ni gharama nyingine na hatari nyingine. Baadhi huacha masomo ya jioni. Baadhi hukubali msaada wa mtu mwenye gari au mwenye nyumba asiyedai kodi kwa wakati, na msaada huo una bei yake. Vyama vya wanafunzi vimelisema jambo hili kwa miaka mingi. Kwenye vikao rasmi hutajwa kwa maneno ya kuzungukazunguka, kama kwamba aibu ni ya msichana.

Ofisi za malazi kwa kawaida huwapa kipaumbele wenye ulemavu, wanafunzi wa kigeni, wa mwaka wa kwanza na wasichana. Utaratibu huo ni wa busara, ila una upungufu mmoja: mwanafunzi anayepata kitanda mwaka wa kwanza hukipoteza mwaka wa pili au wa tatu, wakati masomo yanapokuwa magumu na familia imekwisha kumaliza akiba yake.

Majengo 20 ya mwaka 2017

Tarehe 2 Juni 2016 Rais John Magufuli alifika Mlimani kuweka jiwe la msingi la maktaba mpya. Kutokana na kilio cha malazi, serikali yake iliamua kujenga hosteli ndani ya eneo la chuo kwa kutumia Wakala wa Majengo Tanzania. Kazi ilikwenda kwa kasi ambayo wengi hawakuitarajia, na tarehe 15 Aprili 2017 alizizindua: majengo 20 yenye uwezo wa kulaza wanafunzi 3,840, kwa gharama iliyotajwa kuwa shilingi bilioni 10.

Miezi michache baadaye, Desemba 2017, picha za nyufa katika baadhi ya majengo zilisambaa mitandaoni na kuzua mjadala mkali. Wakala ulieleza kuwa kilichoonekana ni maungio yaliyoachwa makusudi kati ya sehemu za jengo. Mjadala huo ulikuwa na siasa zake. Wanafunzi waliendelea kulala humo, na foleni ya kuomba nafasi haikupungua.

Inafaa kuitazama hesabu ya majengo hayo, kwa kuwa ndiyo inayoeleza kwa nini hayajajengwa mengine mengi. Bilioni 10 ukizigawa kwa vitanda 3,840 unapata takriban shilingi milioni 2.6 kwa kitanda, na ardhi ilikuwa ya chuo, haikununuliwa. Tuseme mwanafunzi analipa shilingi 500 kwa siku, kwa siku 240. Hiyo ni shilingi 120,000 kwa mwaka. Kitanda hicho kitarudisha fedha zake baada ya miaka zaidi ya 21, ikiwa katika muda wote huo hakitanunuliwa hata kopo moja la rangi, hakuna bomba litakalopasuka, wala mlinzi atakayelipwa mshahara.

Kwa bei ambayo mwanafunzi maskini anaimudu, hakuna mfanyabiashara atakayejenga. Kwa bei ambayo mfanyabiashara angejenga, mwanafunzi maskini haingii. Katikati ya hapo hakuna kingine ila ruzuku, iwe ya serikali, ya chuo au ya wafadhili, na ruzuku ya malazi ilikuwa kati ya vitu vya kwanza kukatwa miaka ya 1990.

Ardhi si kikwazo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina eneo kubwa, na sehemu yake moja imekodishwa kwa kampuni ya Turnstar ya Botswana, ambako kituo cha biashara cha Mlimani City kilifunguliwa mwaka 2006. Mtaji ulipatikana kwa haraka pale wateja walipokuwa wanunuzi wa nguo na wapangaji wa ofisi.

Dodoma, Nairobi, Kampala

Tanzania ina mfano wake wa njia nyingine. Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa 2007, kilipangwa tangu mwanzo kuchukua wanafunzi 40,000, na mabweni yakajengwa pamoja na madarasa, kwa sehemu kubwa kwa fedha za mifuko ya hifadhi ya jamii. Ni wazo lilelile la Mlimani ya 1964, kwa ukubwa mwingine: ukijenga chuo nje ya mji, jenga na mahali pa kulala. Serikali ilipohamia Dodoma, baadhi ya majengo ya chuo hicho yaligeuzwa ofisi za wizara kwa muda, kabla ya mji wa serikali wa Mtumba kuanza kutumika mwaka 2019. Mifuko ya hifadhi ya jamii, kwa upande wake, ilikaa miaka mingi ikidai malipo yake. Fedha za wastaafu si ruzuku.

Nairobi imejaribu soko. Kampuni ya Acorn imejenga hosteli zinazojulikana kwa majina ya Qwetu na Qejani, na mwaka 2019 ilikusanya shilingi za Kenya bilioni 4.3 kwa hati fungani ya kijani, ya kwanza katika Afrika Mashariki, ambayo Januari 2020 iliorodheshwa pia katika soko la hisa la London. Majengo ni mazuri, yana ulinzi na intaneti. Wanaoyamudu ni watoto wa wenye mishahara. Wengine wako Ngara, Githurai na Kahawa Wendani, wakifanya hesabu zilezile za Changanyikeni.

Kampala ilitangulia. Makerere ilipoanza kupokea wanafunzi wa kujilipia mwaka 1992, idadi yao ilipanda kwa kasi na vitongoji vya Kikoni na Wandegeya vikageuka kuwa misitu ya hosteli za watu binafsi. Makerere imehifadhi desturi moja ya kupendeza: kila mwanafunzi huandikishwa katika bweni fulani la chuo, hata kama halali humo. Ni Mlumumba au Mmitchell kwa jina, mpangaji wa Kikoni kwa ukweli.

Wasomaji walio Ulaya hawatashangazwa na haya. Mwezi Mei 2023 mwanafunzi mmoja alipiga hema mbele ya chuo cha ufundi cha Milan kupinga kodi, na wenzake katika miji mingine ya Italia wakafuata. Ujerumani, msaada wa serikali kwa mwanafunzi asiyekaa na wazazi unatenga euro 380 kwa mwezi kwa ajili ya nyumba tangu msimu wa mapukutiko wa 2024, kiasi ambacho mjini Munich hakipati chumba cha kawaida. Tofauti ni kwamba Ujerumani fedha hizo huja kila mwezi na kodi hulipwa kila mwezi. Pengo lipo, lakini kalenda ni moja.

Fedha kutoka ng'ambo, na orodha ya Oktoba

Sehemu ya pengo la Dar es Salaam huzibwa kutoka mbali. Kaka aliye Muscat, dada aliye London au mjomba aliye Minneapolis hupokea ujumbe mwezi Oktoba, na kodi ya miezi 6 hutumwa kwa simu. Baadhi ya ndugu hao wamejenga nyumba za vyumba vya kupangisha karibu na vyuo, kwa hiyo hutokea mtu akatuma kodi ya mpwa wake kwa mkono mmoja na kupokea kodi ya mpwa wa mwingine kwa mkono wa pili.

Ujenzi mpya haujakoma. Mradi wa mageuzi ya elimu ya juu kwa uchumi, unaogharimiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425 ulioidhinishwa mwaka 2021, umeleta majengo katika vyuo vya umma nchini, mengi yakiwa ya kufundishia na maabara, na katika baadhi ya vyuo mabweni pia. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinatumia sehemu ya fedha hizo kufungua matawi mikoani, ikiwemo Lindi na Kagera, ambako huenda kijana akasoma bila kuvuka nchi nzima.

Hatua moja ndogo, isiyohitaji saruji, imekuwa ikipendekezwa na wanafunzi wenyewe kwa namna mbalimbali: sehemu ya malazi ya bumu la kwanza itolewe kabla ya usajili, au chuo kimdhamini mwanafunzi kwa mwenye nyumba hadi fedha zifike. Isingeongeza kitanda hata kimoja. Ingemwondolea mzazi wa Kasulu au Newala ulazima wa kutafuta zaidi ya shilingi nusu milioni katika wiki moja.

Orodha ya waliopangiwa vyumba sasa hutolewa kwa mtandao, haibandikwi tena ubaoni. Dalali wa Changanyikeni naye ana simu, na siku orodha inapotoka huwa amekwisha kujipanga karibu na geti.